Nilikataa Maziwa ya Wakwe kwa Sababu ya Picha

Taabu yangu ilianza mwaka 1969, nikiwa na miaka arobaini na sita, na aliyeianzisha ni mimi. Shetani asisingiziwe.

Shule niliishia darasa la pili. Nilikata mkonge, nikawa mnyapara, nikafungua mashine ya kusaga hapa Makanya. Hakuna aliyenishika mkono! Basi nikazoea kwamba nikisema, nimesema.

Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, meneja wetu Mzungu alifungasha, akaniachia picha ya ukutani. Nyeusi tititi. Alisema kwanza ilichorwa kwenye bati la shaba, ndipo ikapigwa chapa. Mwanamke amefumba macho kama anaota, kashika nyundo. Chini yake mwanamume kalala, na kigingi kirefu kama mshumaa kimesimama kipajini mwake. Pembeni bakuli la maziwa. Juu kuna mwezi wenye kope, unatazama.

Niliitundika sebuleni nikijidai. Mwinjilisti alipoiona akanieleza: huyo ni Yaeli wa kwenye Biblia, mke wa hemani. Jemadari Sisera, akikimbia vita, alimwomba maji. Akampa maziwa, akamfunika, na alipolala akampigilia kigingi. Mwinjilisti akaendelea kueleza kwa nini Waisraeli walimsifu. Hapo sikusikiliza. Nilishapata langu!

Maana mwanangu wa pekee, aliyefanya kazi kwenye josho la ng'ombe kule Kwakoa, alitaka kuoa binti wa wafugaji. Alipougua homa, ni kwa kina binti huyo alikouguzwa mpaka akasimama. Mimi sikutaka kusikia. Nilitaka Mpare mwenzetu, wa milimani.

Siku moja mjomba wa binti akaja na wazee wawili, mwanangu akiwaongoza, waone binti yao anaolewa wapi. Mke wangu alikuwa amepika, na dengelua, pombe yetu ya miwa, imeiva. Wao walileta kibuyu cha maziwa.

"Onja, mkwe," mjomba akasema. "Binti amekamua mwenyewe."

Kwao ukinywa mmeshakuwa ndugu. Nilijua! Nikakisukuma kibuyu.

"Sisi tunasoma Biblia," nikasema, mimi ambaye kusoma kwenyewe ni kwa kuokoteza! "Maziwa yenu tunajua yanaishia wapi." Nikanyoosha kidole ukutani.

Mke wangu akanong'ona, "Baba, nyamaza, nakuomba!"

Mjomba akainuka, akaitazama picha kwa makini. "Huyu mama ni wa ukoo gani? Kwetu simjui." Kisha akanigeukia. "Mwanao alilala kwetu. Aliamka na kichwa chake."

Akachukua kibuyu chake. Mwanangu akamfungulia mlango, wageni wakatoka, naye akawa anawafuata.

"Ukivuka hapo usirudi!" nikamfokea mwanangu.

Loo, ulimi huu! Hilo ndilo neno langu la mwisho alilolitii.

Picha niliichoma wiki ileile. Imesaidia nini? Vijiji vilipopangwa upya wakati wa Ujamaa, wazee wenzangu walijengewa na wana wao. Mimi nilijenga na vibarua. Mama yake alipofariki, mwanangu alikuja kuzika, akasimama upande wa wakwe zake, akaondoka hata maji yangu hajaonja.

Wewe mzee unayetafuta sababu ya kumkataa mchumba wa mwanao, utaipata, hata ndani ya Kitabu utaipata. Usiitafute! Mtu akikuletea maziwa, kunywa.

Leo nina nyumba ya bati ya vyumba sita, mashine ya kusaga, shamba la mahindi, mbuzi, baiskeli na redio. Na wajukuu, nasikia wapo. Majina yao siyajui.