Maji ya Mabonde Mawili

Juzi nilipelekwa Segerea kwenye harusi ya mjukuu wa dada yangu. Gari lilipopunguza mwendo kwenye karavati moja, nilimwomba kijana aliyekuwa akiendesha asimame kidogo. Alidhani nimechefukwa. Nikashuka, nikashika ukingo, nikachungulia chini. Kulikuwa na matairi mabovu, mifuko ya nailoni na maji meusi yasiyokwenda popote. Nikamwambia hapa ndipo nilipojifunza kuogelea. Akacheka kwa adabu, kama vijana wanavyotuchekea sie wazee, kisha akanikumbusha kwamba tumechelewa.

Nikarudi garini. Lakini wewe tumejuana siku nyingi, wewe nitakusimulia.

Enzi za Mwingereza Segerea ilikuwa shamba. Nilizaliwa kabla ya vita vikuu vya pili, na ninayoyasema yalitokea vita vilipokwisha, wakati mtungi wangu wa kutekea ulikuwa bado wa kitoto. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na makuti, zimetawanyika kati ya mihogo na mikorosho, na bondeni kulikuwa na majaruba ya mpunga. Ukisimama uani asubuhi uliviona vilima vya Pugu vimejifunika ukungu, na ukinyamaza ulilisikia garimoshi likihema kuvipanda. Mto wetu ulitoka huko. Haukuwa na jina. Tulisema mtoni tu, maana kwetu hakukuwa na mwingine.

Ulikuwa mto mdogo, mwanamume angeweza kuuruka, lakini ulikuwa na tabia zake. Juu ya majaruba ulipita katikati ya matete, maji yake yana weupe kama ya kuoshea mchele, kwa sababu ya udongo mweupe wa vilimani. Ulipofika kwetu ulitanuka juu ya mchanga, ukawa wa kina cha vifundo vya miguu. Kiangazi uliingia chini ya mchanga ukapotea, na mgeni angeapa kwamba hapo hapana mto. Sie tulifukua kwa mikono, tukakaa kungoja, na maji yakaja yenyewe polepole, ya baridi, yakilijaza shimo kutoka chini. Mbele kidogo, penye mwamba, yaliibuka tena juu kama mtu aliyeamka usingizini. Masika ndiyo ilikuwa ajabu zaidi. Jua linawaka kwetu, mbingu nyeupe, mara unasikia mngurumo, na maji mekundu yanashuka na magogo. Mvua ilikuwa imenyesha Pugu, nasi hatukuona hata wingu. Bibi, mama yake mama, alikuwa akipaza sauti mara moja tu, "Tokeni bondeni," na hakuna aliyebisha.

Tulivyokula vingi vilitoka mle: kambare wa kuchoma, matembele ya ukingoni, wali wa mpunga mpya ulionukia mpaka kwa jirani. Baba alikuwa kuli bandarini, akija nyumbani mwisho wa juma na papa mkavu aliyefungwa kwenye gazeti. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba mto wetu unaingia Msimbazi, na Msimbazi unaingia baharini pale mjini. Nililala nikiwaza kwamba maji niliyoogea jana huenda leo yamempita baba mimi nisimwone.

Huko juu ulikotoka hakuna aliyekujua. Watu walisema msitu una wenyewe. Serikali nayo ilikuwa imeweka askari wake wa msitu. Basi kati ya wenyewe wasioonekana na askari anayeonekana, wanawake wa kwetu hawakuvuka matete.

Kiangazi kimoja mashimo yetu ya mchangani yalianza kukataa. Tulifukua mpaka magotini, kisha mpaka kiunoni, mwishowe mtu alikuwa akiingia shimoni na kumpokeza aliye juu kata ya maji. Bibi alishangaa, kwa sababu vuli ilikuwa imenyesha vizuri na mihogo ilikuwa bado inachipua majani. Alisema ukame anaujua, na ule haukuwa ukame. Mama alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, miguu imemvimba, na maji ya kunywa tulimchujia kwa kanga kuukuu. Jirani yetu, mwanamke mrefu aliyekuwa akiwalea yatima wa dada yake kwa mchicha wa bustani yake, aliamka akakuta mchicha wote umelala matutani.

Asubuhi moja bibi alijifunga kaniki kiunoni, akachukua jembe, akamwambia jirani twende tukauone unakotoka. Jirani akauliza, na wenyewe wa msitu? Bibi akajibu kwamba akikutana nao atawasalimu. Mama alibaki na mkunga, nami nikachukuliwa, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kutangulia njiani na mtungi wangu.

Tulipanda ndani ya mto wenyewe, juu ya mchanga mkavu. Sijawahi kusahau. Mahali nilipozoea maji yanifike tumboni nilikuwa nikitembea kama barabarani, na makonokono makavu yanavunjika chini ya nyayo. Baada ya matete kingo zilianza kupanda, zikawa ndefu kumpita jirani. Ukutani ungeona udongo mwekundu, chini yake mchanga, chini yake tena mweupe kama unga wa muhogo, na ndani ya ule weupe vijiwe laini vya mviringo, vijiwe vya mtoni, vimekaa juu ya vichwa vyetu. Bibi alivigusa kimoja kimoja. Akasema mto huu ulipita huku juu kabla ya babu wa babu yake, ukaenda ukishuka na kuchimba. Kisha msitu ukatufunika, jasho likakauka mwilini, na nikahisi mchanga umekuwa na unyevu.

Tuliusikia mto kabla ya kuuona. Mti mkubwa ulikuwa umeanguka wakati wa vuli, mizizi juu, umelala kuvuka mkondo, na matope na majani yamejikusanya nyuma yake mpaka yakawa ukuta. Nyuma ya ukuta huo maji yalikuwa yanakwenda kama kawaida. Ila yaligeukia kushoto. Pale ukingo ulikuwa mwembamba, yalikuwa yameukata na kushukia upande wa pili wa kilima, kwenye bonde jingine kabisa, lile linalopeleka maji yake mto Mzinga na kutokea baharini mbali na yetu. Mti mmoja umeanguka, na mto umebadili njia ya kwenda baharini.

Hatua chache juu yake ndipo palipokuwa na chemchemi. Chini ya mwamba mweupe kulikuwa na tundu, pana kama mdomo wa chungu cha wali, na ndani yake mchanga ulikuwa ukicheza, ukipanda na kushuka kama uji unaochemka, bila moto na bila sauti. Ndiyo yote. Bibi akakaa chini. Alikuwa ameteka maji ya mto ule tangu utoto wake, ameoshea nayo watoto na maiti.

"Kumbe ni haya tu," alisema. "Sote kule chini tunaishi kwa haya tu."

Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaniambia nami niingize. Kulikuwa na kitu kinausukuma mkono wangu kutoka chini, cha baridi, hakipumziki. Nilitaka kuutoa na sikutaka kuutoa. Nimepanda ndege uzeeni, nimeona mengi, lakini ule msukumo kiganjani sijaona mfano wake.

Jirani hakukaa. Alikuwa amekwisha anza kuuvunja ukuta kwa jembe. Hapo ndipo alipotokea mwanamke kutoka upande wa pili, mtoto mgongoni na mtungi kichwani, akipanda kuufuata mkondo mpya. Akatuona, akamwamkia bibi shikamoo, bibi akamwitikia marahaba. Kisha akaliona jembe.

"Mnayafunga?" akauliza.

"Tunayarudisha," jirani akasema. "Ni yetu."

Yule mwanamke hakupandisha sauti. Alieleza kwamba bondeni kwao hapajawahi kuwa na mto. Walikuwa wakitoka alfajiri kwenda kwenye kisima cha maji ya chumvi na kurudi jua limewaka. Baada ya vuli waliamka wakayakuta maji yanapita nyuma ya nyumba zao, na watu wakatoka wakasimama kuyatazama, wengine wakiyaogopa. Sasa wamepanda mabamia. "Hatukuyaiba," alisema. "Yalikuja yenyewe. Mtoto wangu huyu hajaoga maji mengine."

Jirani akamwambia kwetu yuko mtu amekaa anangoja kuzaa na hana maji ya kumwogeshea mtoto, na yatima wanalala na uji mtupu. Akainua tena jembe. Yule mwenye mtoto akatua mtungi chini, akaingia mle mkondoni, akasimama mbele yake na mtoto mgongoni, maji yakimpita miguuni. Nikaona vidole vya jirani vimekaza mpini. Nikaanza kulia.

Bibi akainuka, akaja akaushika ule mpini. Hakumnyang'anya, aliushika tu juu ya mikono yake.

"Wewe hukuyaumba," akamwambia jirani. Akamgeukia yule mwingine. "Na wewe, binti yangu, hukuyaumba. Mie nimeyanywa mpaka nimezeeka, na leo ndiyo nayaona yanapotoka. Yapite kote."

Jirani alisema nusu haitatosha. Bibi akakubali kwamba huenda isitoshe. Lakini jembe liliteremka.

Kazi ilituchukua mpaka jua likawa limepinda. Wale wawili, waliokuwa karibu kupigana, ndio waliosukuma jiwe pamoja na kulisimamisha katikati ya mkondo, hakuna anayemwangalia mwenzake. Bibi akaniagiza nichume majani, niyatupe juu ya jiwe na kutazama yanakwenda wapi. Mara ya kwanza karibu yote yalishukia Mzinga. Wakalisogeza. Mara nyingine mengi yakaja kwetu, na jirani akakohoa, akatazama pembeni, kisha mwenyewe akalisogeza tena. Nikatupa, nikatupa, mpaka majani yakawa yanafika jiweni, yanasita, na kuachana. Yule mama wa upande wa pili akasema, "Hapo." Jirani akaitikia, "Hapo."

Kisha tukarudi na maji. Sijui nikueleze vipi. Yalitambaa juu ya mchanga mkavu kama ulimi, yamebeba povu na majani makavu mbele yake, na siafu wakayakimbia. Kila penye shimo yaliingia, yakatulia mpaka yakalijaza, ndipo yakaendelea. Mchanga ulikuwa ukiyanywa kwa mlio mdogo, kama wa nyama inayokaangwa. Mimi nilitembea mbele nikiyaondolea vijiti njiani, nikiyaita kama unavyomwita mtoto anayejifunza kutembea. Kwenye matete yalikuwa yamebaki nyuma mno, na bibi akasema tuyaache, njia yanaijua yenyewe.

Nyumbani tukakuta mdogo wangu amekwisha kuzaliwa. Mkunga alikuwa amempangusa kwa mafuta ya nazi kwa kukosa maji, anang'aa mwili mzima. Ilipita siku, ikapita nyingine, jirani akaanza kusema ameonewa. Asubuhi iliyofuata niliwasikia vyura. Nikakimbia bondeni, na mchangani maji yalikuwa yanapita, membamba, meupe, hayana haraka. Watu wazima walikuwa wamesimama pande zote mbili na hakuna aliyeingia kuyachota. Bibi ndiye aliyechota kwanza, akampelekea mama.

Mto haukurudi kuwa mkubwa kama zamani. Jirani alipunguza matuta ya mchicha, na alilisema hilo mpaka anaingia kaburini. Lakini kila baada ya masika yeye ndiye aliyepanda na wenzake kuliweka jiwe sawa, na wale wa bonde la pili walikuja pia, na mwisho wakaanza kupikiana huko juu. Bibi alipofariki, wanawake wa upande wa pili walivuka kilima wakashuka kwetu kwa mstari mmoja, kila mmoja na mtungi wa maji kichwani. Walisema wamesikia msiba una watu wengi. Maiti ya bibi iliogeshwa kwa maji yao.

Siku hizi vilima vimechimbwa udongo, msitu umebaki vipande, na mabonde yote mawili yamejaa nyumba. Sijui kama mchanga ule bado unacheza chini ya mwamba. Hakuna wa kumuuliza. Wote niliopanda nao wamekwenda. Nyumbani kwa mwanangu nafungua bomba, nasikia maji yakija kutoka mbali, na nje ya nyumba ile simjui hata mmoja wa wanaoyanywa pamoja nami.