Chozi wa Ghubra, Chozi wa Unguja

Kila nikisikia harufu ya vumbi lililomwagiwa maji ya moto, narudi Ghubra, uwanjani kwetu, katika kile kiangazi cha miaka ya tisini ambapo Bibi aliacha kuulizia safari. Mwezi wa Agosti maji ya bomba hapa Maskati hutoka kama ya chai. Kazi yangu ilikuwa kuumwagilia asubuhi mti wa maua mekundu uliokuwa ukutani, kabla jua halijachachamaa. Bibi alikuwa akikaa barazani akishona kofia za viua, uzi akiutunga mwenyewe sindanoni bila miwani, jambo alilojivunia kuliko hata kofia zenyewe.

Hamu yake ilikuwa moja tu: kwenda Unguja kumwona dada yake mkubwa, ambaye alikuwa hajiwezi tena. Mama, binti yake wa pekee, kila mwaka alimwambia mwakani, inshallah. Mara wizarani hawampi likizo, mara mitihani yangu, mara joto. Mama yangu hakuwa na roho mbaya, alikuwa amechoka tu. Lakini Unguja ikitajwa, aliinamia sahani yake mpaka mazungumzo yageuke.

Mtini alikuwapo chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu uliopinda anayefyonza maua. Wakati wa baridi huwa mweusi, na jua likimpiga anameta zambarau. Kiangazi kikielekea kwisha weusi humpukutika, akabaki kahawia mgongoni na manjano tumboni, na mstari mweusi ukimshuka kooni kama tai ya mwalimu. Nilimwona akibadilika kiraka kwa kiraka, kwa hiyo nilijua kuwa ni yule yule. Asubuhi moja, Mama akiwa anamtilia kahawa, Bibi aliiweka kofia mapajani.

"Nnamwona chozi wa kwetu," alisema. "Tumbo manjano vile vile, kanifuata huku huku. Basi mwanangu, msihangaike tena na tiketi. Mie kwetu nshakuona."

Nilitaka kusema kuwa ni yule yule mweusi wa hapa, Mama akanishika bega. Jikoni akaninong'oneza, "Mwache, usimharibie." Mchana ule alikuna nazi huku akiimba, na mimi nikafurahi kwa kuwa yeye amefurahi. Sote wawili tulimhurumia Bibi kwa uzee wake.

Baridi ilipoingia, chozi akarudia weusi wake. Bibi aliuliza, "Chozi wangu kaenda wapi?"

"Karudi kwao, mama," Mama alijibu.

Bibi aliutazama mti kitambo. "Kheri yake yeye," alisema, kisha akaendelea kushona. Mama aliingia ndani, akajifungia chooni na kufungua maji.

Baridi ile haijesha, simu ikaja kwamba dada yake amefariki. Mama alikimbilia tiketi siku ile ile. Bibi alimzuia kwa upole, "Nende nkamwone nani tena, mwanangu?" Hakutulaumu, si siku ile wala baadaye, na laiti angalitulaumu. Naye alipofariki, tulimzika hapa hapa.

Siku hizi Mama anakaa nami Mabela, mtaa mwingine wa Maskati, penye nyumba mpya na kuta nyeupe, na kwenda Unguja si jambo la kuomba mwaka baada ya mwaka. Nilipokwenda mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima, nilimpiga picha chozi wa huko: kichwa, koo na mgongo kijani kinachong'aa, mdomo mfupi, na tumbo la manjano mbivu. Niliporudi nilimwonyesha Mama, na kando yake nikaweka picha ya chozi wetu, na mstari wake mweusi na mdomo wake mrefu. Mama alivaa miwani, akatazama hii, akatazama ile, kwa muda mrefu.

"Hawafanani hata kidogo," alisema.

Akavua miwani, akaikunja taratibu. "Na mama yangu alikuwa akitunga uzi bila miwani."