Upande wa Ndugu Yangu kwenye Sinia

Kosa ni langu. Nalisema mapema nisije nikaanza kujitetea katikati ya hadithi. Mpiga picha alinipa kadi ndogo nyeupe na kalamu, akaniambia niandike upande ule wa sinia pichani ulikuwa wa nani. Nikaandika: "Upande wa ndugu yangu, marehemu." Hakuna aliyenishika mkono.

Ndugu yangu hakuwa marehemu. Au pengine alikuwa. Hapakuwa na ajuaye. Miaka saba nyuma alipanda meli ya uvuvi ya kigeni pale bandarini Liwatoni, akiwa mpishi. Mara mbili tatu alipiga simu, akatuchekesha kwa visa vya mabaharia wanaolizwa na pilipili. Kisha kimya. Wakala aliyempatia kazi alituambia ameshuka kwenye bandari moja huko mbali na hakurudi melini. Alitwambia mara moja tu, halafu naye akabadilisha namba ya simu.

Mama hakulia. Alichofanya ni hiki. Nyumbani kwetu Kuze, Mombasa, Ijumaa baada ya sala, tunakula sinia moja: mama, mimi, na binti zangu wawili. Kila mtu ana upande wake na hakuna kuvusha mkono. Basi mama akawa anapakua wali wa watu watano. Sisi wanne tunakula mpaka sinia inaonekana, na upande wa ndugu yangu unabaki umesimama vilevile, kipande chake cha samaki juu. Mama anaufunika kwa kawa mpaka alasiri, ndipo anampa hamali yeyote anayepita na mkokoteni wake. Miaka saba! Binti yangu mdogo hajapata kuona sinia ya Ijumaa iliyokwisha.

Mpiga picha nilimjua kwa kumshonea nguo. Ni mwanamke wa hapahapa kisiwani, aliyekaa ng'ambo akarudi. Yeye hapigi watu. Hupiga vitu vinavyoonyesha kwamba mtu hayupo: kiti, kiatu, ndoana ya koti. "Napiga wazo," aliniambia, nami nikacheka, nikamuuliza wazo huambiwa likae vipi. Lakini siku nilipomhadithia sinia yetu, aliacha hata kujaribu gauni lake. Alisema hilo hasa ndilo alilokuwa akilitafuta: masinia ya nyumba za Mji wa Kale, yaliyopigwa kutoka juu, kila moja na upande wa aliyekufa.

"Ndugu yangu amesafiri," nikamwambia.

"Basi haitafaa. Maonyesho haya ni ya waliokufa."

Hapo ningenyamaza, mambo yakaisha. Lakini mimi nilikuwa nimechoka. Nimechoka kutazamwa na mama kila simu yangu inapolia. Nimechoka na wali ule. Na nilikuwa naona haya, maana kuna siku nilimchukia ndugu yangu kwa kutokufa waziwazi kama watu wengine, tukalia, tukamaliza. Nikamjibu, "Amekufa. Ni mama tu asiyetaka kusikia."

Ijumaa ile akaja. Tulipomaliza kula alipanda juu ya kigoda, kamera ikitazama chini. Mama alifurahi kama aliyeletewa mgeni. "Upige vizuri upande wake," alimwambia. "Akirudi aone kwamba hatukumlia chake." Mpiga picha akanitazama. Mimi nikamtazama samaki.

Maonyesho yalifunguliwa baada ya alasiri katika ghala la kale lililokuwa la viungo. Sikumwambia mama. Binti yangu mdogo ndiye aliyemwambia, na tayari mama alikuwa amevaa buibui lake la Idi na kujifukiza udi, anataka kumwona mwanawe ukutani. Ningemzuiaje? Wala sikuogopa sana. Mama ni msomaji wa Kurani tangu utoto, lakini hizi herufi zetu za skuli hakufundishwa. Nikajisemea, hataisoma kadi.

Nilichosahau ni adabu zetu. Mtu wa Mombasa hawezi kusoma neno marehemu, akamwona mama mtu mzima kasimama mbele ya picha, halafu akapita hivihivi. Mzee mmoja wa kanzu alisoma ile kadi, akageuka, akainamisha kichwa. "Makiwa, mama."

Aliyepewa makiwa hujibu, "Tunayo." Na ukishajibu, umekubali kwamba umefiwa. Mama hakujibu. "Mzee wa watu amenifananisha," akaninong'oneza.

Wakaja wanawake wawili. "Makiwa, mama. Mungu ampe kauli thabiti."

"Hawa wanipa makiwa ya nani?" mama akaniuliza.

"Wanawapa watu wote, mama. Ndiyo desturi ya maonyesho." Lo! Uongo gani ule, nami nimesimama pale na akili zangu timamu!

Mara ya tatu ndiyo iliyotumaliza. Jirani yetu wa mlango wa tatu, rafiki wa mama tangu usichana, aliisoma kadi akapiga kelele ghala zima likageuka. Akamkumbatia mama, analia machozi ya kweli. "Dada yangu, nimekukosea nini? Mwanao amekufa na mimi sikuitwa hata matangani? Kila siku napita mlangoni kwako!"

Mama akajitoa mikononi mwake taratibu. Akaisogelea kadi, akaigusa kwa kidole.

"Huu mwandiko wako," akaniambia. "Ndio ulioko kwenye mikebe yangu ya bizari. Hapa umeandika nini?"

Nikamwambia. Uongo ulikuwa umeniishia.

Hakupaza sauti. Aliitazama picha kitambo, ule wali uliosimama na pande zetu sisi tuliokwisha kula. Kisha akamwambia jirani, "Nenda nyumbani, mwenzangu. Sijakaa matanga mimi." Na kwangu, tukiwa mlangoni: "Miaka saba nimekataa kutandika jamvi la matanga. Wewe umenitandikia mbele za watu, nimekaa juu yake sina habari."

Kesho yake nilimwendea mpiga picha. Alisikitika, akaibandua ile kadi, akanipa nyingine niandike nitakavyo. Nikasimama na kalamu kama mtoto aliyefeli. Aliyesafiri? Safari gani ya miaka saba isiyo na salamu? Aliyepotea? Mama angeuliza amepotezwa na nani. Nikamrudishia kadi tupu. Akaitazama, akasema, "Tuibandike hivihivi basi. Imekuwa nzuri zaidi." Nzuri! Wallahi nilitaka kumzaba kibao, ingawa najua hakikuwa chake.

Wiki ile mama alisema nami kwa kupitia binti zangu. "Mwambieni mama yenu chai tayari." Muda mwingi alijifungia chumbani. Akitoka macho yake ni mekundu, na mimi nikadhani ni hasira, nikaziacha zipoe.

Ijumaa ikafika. Akapakua wali wa watu watano kama kawaida, nikashusha pumzi. Tukala. Tulipomaliza hakuchukua kawa. Aliishika sinia ukingoni, akaigeuza polepole mpaka wali wa ndugu yangu ukawa mbele yangu.

"Kula," akasema.

"Mama, nisamehe."

"Kula. Maiti hawekewi chakula. Wewe ndiye mwenye habari zake, basi kula."

Binti zangu walikuwa wamekodoa macho. Nikasema bismillahi, nikanyoosha mkono. Vidole vikagusa wali, bado una joto, na hapo vikakataa kabisa. Nilijaribu tena. Nikaanza kulia mbele ya wanangu.

"Siwezi, mama."

"Huwezi kwa nini? Nani alikwambia amekufa? Yule wakala?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliandika tu."

Nilidhani atafurahi kunishinda, au atanipiga, na kupigwa nilistahili. Badala yake mabega yake yalishuka, akashika kifua kwa mkono ule ule wenye mafuta ya samaki.

"Kumbe nawe hujui," akasema. "Mimi nalidhani umepata habari ukanificha. Wiki nzima nimemlilia, mwanangu. Wiki nzima namzika kila siku peke yangu mle chumbani."

Kisha akaigeuza sinia, akaurudisha ule upande mahali pake, akaufunika kwa kawa.