Tulivyomlilia Mtu wa Suruali Kubwa

Rafiki, unanijua, mi sinyamazagi. Lakini hii theluji ya Buffalo imeniziba mdomo. Mlango haifunguke. Mwanangu alienda kazi ku warehouse tangu jana, barabara zikafungwa, hajarudi. Mi na mjukuu tunaangaliana kama kuku mbili ndani ya kitunga.

Mtoto akaona nimenuna, akatafuta ku telefone sinema ya zamani ya kuchekesha. Mara naona ile suruali! Suruali kubwa, mtu mwembamba, sura ya mtu aliyeibiwa mbuzi na bado anacheka.

“Omaigodi, Koko, unalia?”

Nyamaza, mtoto. Yule ni mtu wetu.

Kwetu Uvira, nikiwa mdogo, muchuuzi mumoja alikuwa analeta sinema za Malesia toka Bujumbura. Alitundika shuka ku ukuta ya depo ya ndagala, zile dagaa za ziwa. Mashine ya umeme inakohoa, sisi chini na mahindi ya kuchoma, samaki inanuka mpaka ku nywele. Ile luga hakuna mwenye kuijua. Donc, basi, jirani yetu, fundi wa baiskeli, njo yeye alisemea wote wa ku shuka. Bibi wa ku sinema, sauti nyembamba: “Weee, bwana, mchele iko wapi?” Mchekeshaji, sauti ya pua: “Mchele imesema itakuja kesho!” Hizi sauti zangu zote za kuigiza watu, nilizitoa kwake.

Na jirani alitwambia zile sinema ni maisha ya ule mtu kabisa. Tukaamini! Leo mutumishi, kesho mwimbaji, kisha ameoa, kisha amefukuzwa. Wamama waligombana ku bomba: “Ule bibi wa kwanza njo alimufaa!”

Bon. Ile mwaka baba yangu alikuwa ameenda Katanga kutafuta kazi, habari ikakatika. Watu walisema amekufa. Koko yangu, mama ya baba, alitaka tukae kilio. Mama akakataa, akafunga mlango ili mtu asimupe pole. Tulikuwa tunatoka kwa sinema tu.

Siku moja, mtu wa suruali akafa. Wakamuzika pale pale ku shuka. Jirani, sauti ikamukatika. Mtaa yote ikakaa kilio, moto nje, maharage ku sufuria kubwa. Mama akatoka, akalia kupita wote. Koko akasema: “Mumuache. Mtu analilia wake ku kilio ya mwingine.” Hata mlango wetu ulibaki wazi siku zile.

Kisha ikaja sinema ingine. Suruali inaingia! Mzima, amenona! Watu wakakimbia, wengine wakadai maharage yao. Jirani: “Aah, alikuwa amelazwa tu!” Tulicheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Alisimama, akasema polepole: “Kumbe wanarudiaka.”

Tangu siku ile, kila jioni sahani ya baba iko imefunikwa. Vita ilipokuja, sisi tukakimbia. Mama akashika mlango: “Akikuta nyumba tupu, je?” Njo tulimuacha pale.

Leo depo hakuna, fundi hakuna. Mjukuu amenisomea ku telefone: ule mtu wa suruali mwenyewe alikufa zamani, na siku za mwisho hakuna aliyemwita tena kuchekesha.

Jioni nimepakua sombe, majani yetu ya muhogo, nikafunika sahani ya mwanangu.

“Koko, roads zimefungwa. Daddy haji leo.”

Najua, nimesema. Nikavuta kiti karibu na mlango.