Ukanda Uliokazwa Mara Moja

Watu wa mtaa wake wa Majengo walimtania Yassin kwamba mkewe angemtambua hata akifumba macho, kwa harufu ya farasi. Yeye hakujali. Alianza kama fundi wa ngozi, akishona matandiko ya zizi moja la kule Masama linalokodisha farasi kwa wageni, mwishowe akapanda farasi mwenyewe, na sasa, akiwa na miaka arobaini na saba, ndiye aliyewafundisha walimu wote wa zizi lile. Mtu wa namna hiyo huzoea kuitikiwa.

Mwanafunzi wake wa sasa alikuwa Eunike, binti wa wakulima wa kahawa wa hapo hapo Masama. Miezi minane alijifunza kazi ya ualimu: kofia ngumu kabla ya kitu chochote, na ukanda wa tumbo unaoshikilia tandiko ukazwe mara mbili. Farasi ni mjanja. Ukimkaza hujaza pumzi tumboni. Akitembea hatua chache huitoa, ukanda ukalegea. Somo hilo Yassin alilirudia mpaka wakata majani wakalijua.

Siku moja Yassin mwenyewe alisahau kumvisha mgeni kofia. Eunike akamkumbusha, wageni wakacheka. Jioni Yassin akamwita kando.

"Mimi ni sawa na baba yako. Ukiona nimekosea, ngoja kwanza wageni waondoke. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe."

Binti aliyelelewa kwa adabu ya kule mlimani haambiwi jambo kama hilo mara mbili.

Wiki iliyofuata alikuja Rachel, mwalimu wa shule ya msingi huko Kilema, ambaye hakuwahi kupanda hata punda. Yassin alikaza ukanda mara moja, akanogewa na kumsimulia mgeni habari za mlima, mara ya pili ikampita. Eunike, aliyekuwa akifuata nyuma, aliuona ukanda umelegea. Akamtazama mwalimu wake. Akanyamaza. Kwenye mteremko wa kwanza tandiko lilizunguka, Rachel akaanguka na kuvunjika mkono.

Mama Theodora, mwenye zizi, aliuliza nani alikuwa na jukumu la ukanda. Yassin alishafungua mdomo kusema kweli, lakini Eunike akamtangulia.

"Mimi nilikuwa nyuma, mama. Nilitakiwa kukagua. Kosa ni langu."

Yassin akaufunga mdomo wake. Ndivyo alivyofanya, mtu mzima na ndevu zake. Mama Theodora akamrudisha Eunike nyumbani na kumfutia mtihani wa ualimu.

Siku tisa Yassin alikula chakula kama anayetafuna pumba. Akisali, ikifika dua ulimi ulikuwa mzito. Angeomba nini, na msamaha wenyewe ulikuwa unamsubiri pale pale Masama, alikokwenda kazini kila siku? Alikwenda hospitali kumjulia hali Rachel, naye akamwambia, "Mwalimu, msimfukuze yule binti. Bado anajifunza." Yassin alitoka nje akaegemea ukuta.

Siku ya kumi alimwambia Mama Theodora yote: ukanda, kofia, na amri aliyotoa ile jioni. Mama Theodora hakupandisha sauti. Alimwondoa kwenye ualimu, akamrudisha kwenye kushona matandiko, akasema Eunike atafanya mtihani Alhamisi. Yassin aliomba apeleke habari mwenyewe. Moyoni, tusimfiche, alitumaini kushukuriwa.

Alimkuta Eunike kwenye kihamba, shamba la ukoo wao, anachuma kahawa chini ya migomba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akamweleza kila kitu, bila kujipunguzia. "Nimekukosea sana, mwanangu. Nisamehe."

Eunike aliendelea kuchuma mpaka tawi likabaki majani matupu.

"Nilijua utasema," alisema. "Kila asubuhi nilikuwa navaa buti, nakaa pale mlangoni kusubiri niitwe. Wadogo zangu wakaanza kunicheka. Siku ya saba baba akaja akanivua buti mwenyewe."

Yassin akamshikia tawi lingine, akaliinamisha.

"Nimekusamehe, mwalimu. Na Alhamisi nitakuja kwenye mtihani." Alimtazama kwa mara ya kwanza, kwa adabu ile ile. "Ila naomba wewe usiwepo."