Konokono wasio na gamba na rehani ya mama kutoka Kudha

Salaam wakuu. Nawaandikia niliyoyaona mwenyewe. Siongezi chumvi, ilishaongezwa ya kutosha.

Tunaishi Mombasa. Mama alizaliwa Kudha, kisiwa cha Wabajuni kule Somalia, familia yao ikahama wakati wa vita. Mimi sijawahi kufika.

Mama mdogo alikwenda huko kusalimia, akarudi kupitia Kiunga, mpakani, na kitawi cha rehani kutoka uwanjani kwa bibi, kimefungwa kitambaa kibichi.

Mama alikinusa, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nikakipanda kwenye ndoo uwani. Bustani nimejifunzia kwenye video, na nina wasiwasi wa kupitiliza: nilikuwa nafuta vumbi jani kwa jani. Kikawa kichaka.

Mvua zikaja na wale konokono wasio na gamba. Asubuhi majani matundu matupu, ute unang'aa.

Mama akatoka na bakuli la chumvi ya kukaushia papa.

"Mama, nimesoma chumvi inaua na mmea."

"Umesoma kwenye simu! Kwetu kila mchu akifanya hivi."

Mchu ni mtu kwa Kibajuni.

Akawa ananyunyiza huku akicheka, akimtaja jirani aliyekuwa akimwibia bibi rehani kila Ijumaa. Sikuwahi kumsikia akiitaja Kudha bila kulia.

Wakuu, sikumzuia tena. Sikutaka aache.

Konokono walikufa. Mvua ikayeyusha chumvi ndani ya ndoo, rehani ikanyauka yote.

"Kwetu mchanga mtupu," mama akasema, "mvua ikipiga, chumvi inashuka. Nilisahau kama niko huku."

Kilichotuokoa ni tawi ambalo mama alilikata kabla ya chumvi, akalitia kwenye gilasi ya maji karibu na mswala wake. Lilikuwa limetoa mizizi, nikalipanda kwenye udongo mpya.

Sasa nafunika vifuu vya nazi juu ya udongo, chini yake naweka ganda la papai. Konokono hujificha humo, asubuhi nawaokota, nawapa kuku wa jirani. Hakuna chumvi.

Nilichojifunza: kabla ya kutumia dawa ya kwenu, angalia udongo uliosimama juu yake.

Siku hizi mama hunitangulia kufunua vifuu. Jana alivunja jani akanipa.

"Nusa. Hivi ndivyo kwa bibi yako kulivyonukia mvua ikikatika."

Nilinusa sana, wakuu. Nikapata rehani tu.

Mliofika Kudha, hebu niambieni: kulikuwa na harufu gani nyingine?