Ukurutu wa mikono nusura uninyime kumwozesha binti yangu

Wakuu, habari za muda huu.

Haya yamenipata mwenyewe na niliyaandika siku kwa siku, kwa hiyo sitatia chumvi. Mkiona nimechangamka kupita umri wangu, mnivumilie. Tangu Ijumaa nacheka peke yangu.

Mimi ni fundi redio na simu, nipo Quitunda, huku Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Kazi nimejifunza kwa kusoma na kufungua vitu.

Miaka mingi nina ukurutu wa mikono, wengine huuita pumu ya ngozi. Viganja vinakauka, vinawasha, vidole vinapasuka hadi kushika bisibisi ni kazi.

Shemeji yangu Zaituni hana huruma. "Shemeji, wewe nazi waikuna bila mbuzi!"

Hilo nililizoea. Lakini siku ya posa ya binti yangu wa kwanza, Mwanahawa, mjomba wa bwana harusi aliutazama mkono wangu, akanipa kiwiko nikishike badala ya kiganja.

Hapo sikucheka.

Mnajua nikahi zetu. Baba anamshika bwana harusi mkono, watu wote wanatazama. Nikamwita mdogo wangu Saidi nikamwambia, "Utaozesha wewe kwa niaba yangu."

Mwanahawa alikuwa jikoni, kumbe anasikia. Akatoka na mwiko wake.

"Baba mdogo nampenda, ila anayeniozesha ni baba. Kama mkono haujawa tayari, harusi ingoje."

Ingoje! Mama yake alishika kichwa. Zilibaki wiki nane.

Nikafungua daftari. Safu nne: nimekula nini, nimeshika nini, nimeoga na nini, mikono ikoje.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa pweza, maana kila mtu alimsema yeye. Nikamwacha siku kumi. Hakuna kilichobadilika. Nilimwonea bure, na siku ya kumi na moja nilimwomba radhi kwa sahani mbili.

Safu ya pili ndiyo iliyosema. Kila siku niliyosafisha bodi za simu kwa petroli, kesho yake vidole vilipasuka. Kila siku niliyofua kwa sabuni ya unga, vivyo hivyo.

Nikaenda na daftari langu kituo cha afya. Nesi, dada mmoja kutoka Inhambane, alilisoma lote. Akauliza, "Papá, na mafuta unapaka?"

"Mchana sipaki. Naogopa udhu wangu hautatimia."

Wakuu, hilo ndilo kosa langu, na najua siko peke yangu. Nilikuwa naosha mikono mara tano kwa siku kwa ajili ya swala, naiacha ikauke kwa upepo, na mafuta nayakwepa ili maji yafike kwenye ngozi. Yaani naikausha kwa ratiba!

Dada yule akacheka. "La dini siliwezi, muulize mwalimu wako. La kwangu ni hili: paka ngozi ingali na unyevu." Akanipa pomada ya kupaka kwa siku chache tu palipovimba, na akaniambia ndani ya luvas, yaani glavu, za mpira nivae kwanza za pamba.

Mwalimu wetu wa madrasa alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Bwana fundi, wewe wasoma vitabu vyote, hili ukaona haya kuuliza? Tawadha, swali, kisha paka. Wakati wa swala nyingine ukifika, yafute, osha, tawadha tena. Nani kakukataza?"

Hakuna aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe.

Nikaweka kopo la mafuta ya mgando yasiyo na manukato ndani ya kanzu. Nikitoka msikitini navilowesha viganja, na kabla havijakauka napaka. Swala tano, mafuta mara tano, na petroli na sabuni ya unga sizigusi bila luvas.

Wiki ya kwanza muwasho ulipungua. Ya tatu nyufa zikafunga. Ya tano Zaituni aliushika mkono wangu akaugeuzageuza. "Huu wa nani? Umeuazima?"

Ijumaa hiyo ya nikahi sasa. Mkono haukuwa wa mtoto mchanga. Baka moja lilibaki karibu na kidole gumba. Nikautoa hivyohivyo.

Bwana harusi aliudaka kwa nguvu, jasho linamtoka. Nikatamka ya kwangu, akaitikia ya kwake, dua ikasomwa, watu wakasema amina.

Mimi bado nimemshika.

Shehe akaniinamia sikioni. "Mzee, mwachie sasa. Ameshaoa."

Msikiti mzima ukacheka, na yule mjomba akacheka kuliko wote.

Nilichojifunza: ukurutu hauambukizi, na mimi sijapona, nautunza tu. Kinachokuwasha wewe kitafute kwa kuandika, maana cha kwangu si lazima kiwe chako. Ukiona usaha au homa, nenda kituo cha afya, usihangaike na daftari.

Wenye ukurutu humu, hasa mafundi wenzangu, bodi mnazisafisha kwa kitu gani bila kuumia? Na wewe unayeficha mikono mfukoni, andika hapa chini. Hakuna atakayekupa kiwiko.